Hosteli, chumba cha peke yako, nyumba ya pamoja au familia ya wenyeji: ukae wapi mwaka wa kwanza katika mji mdogo wa chuo?

Ukishapata barua ya udahili, swali linalokuja mbele ni la makazi, na katika mji mdogo wa chuo swali hilo lina uzito ambao jijini halina. Jijini ukipata nyumba mbaya unahamia mtaa mwingine. Katika mji mdogo nyumba za kupanga zinahesabika, wenye nyumba wanafahamiana, vyumba vizuri vinashikwa miezi kadhaa kabla ya muhula kufunguliwa, na anayechelewa anachukua kilichobaki. Mji wenyewe unakwenda na kalenda ya chuo. Muhula ukifunguliwa, njia zote za kuelekea chuoni zinajaa watu. Likizo ikiingia, mabasi yanapunguza safari, maduka yanafunga mapema, na jengo lililokuwa linawaka taa kila dirisha linabaki na madirisha mawili matatu.

Kwa hiyo anayetafuta chumba hapa anachagua pia mji atakaoishi, maana kuna miwili mahali pamoja: mji wa wanafunzi, unaoondoka kila likizo, na mji wa wenyeji, unaobaki. Wageni wengi hupima chumba kwa wiki ya kwanza ya muhula, wakati kila kitu kimechangamka na kila mtu anatafuta rafiki. Mimi nashauri ukipime kwa wiki ya likizo, na kwa Jumanne moja ya kawaida katikati ya muhula, mvua inanyesha na una kazi ya kukabidhi kesho yake.

Njia zenyewe ni nne: hosteli ya chuo, chumba cha kupanga peke yako, nyumba mnayopanga pamoja na wanafunzi wenzako, na kukaa na familia ya wenyeji.

Vigezo vya kupimia

Gharama ya mwaka mzima. Usilinganishe kodi ya mwezi kwa kodi ya mwezi. Zidisha kodi kwa miezi iliyoandikwa kwenye mkataba, hata ile ambayo hutakuwepo. Kodi ya 100 kwa mwezi katika mkataba wa miezi 12 ni 1,200. Kodi ya 125 katika mkataba wa miezi 9 ni 1,125. Chumba kilichoonekana ghali ndicho cha bei nafuu. Halafu ongeza umeme, maji, intaneti, samani, nauli, na kwa nchi za baridi gharama ya kupasha nyumba joto, ambayo wanaotoka nchi za joto huisahau kabisa mpaka bili ya kwanza ifike.

Utulivu wa kusoma. Hapa nazungumzia kelele, meza, mwanga, na kama kuna mlango unaoweza kuufunga.

Watu utakaowajua. Kigezo hiki wengi hukipuuza, na mimi nakipa uzito mkubwa kuliko vyote kwa mtu anayefika mahali asipomjua yeyote. Mwaka 1950 Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha uchunguzi wao kuhusu nyumba za wanafunzi wenye familia katika chuo cha MIT, Marekani. Waliuliza watu marafiki zao ni akina nani. Miongoni mwa waliopakana mlango kwa mlango, asilimia 41 walitajana. Waliotenganishwa na mlango mmoja, asilimia 22. Walioishi ncha mbili za korido ileile, asilimia 10. Tofauti yote hiyo ilitokana na hatua chache tu za miguu. Waliokaa karibu na ngazi walifahamiana zaidi na watu wa ghorofa nyingine kwa sababu watu walikuwa wakipita mlangoni pao. Chumba utakachochukua kinakuchagulia marafiki kabla hujafungua mdomo.

Likizo. Je, unaruhusiwa kubaki? Ukibaki, kuna mtu? Ukiondoka, vitu vyako vinakaa wapi?

Namna ya kutoka. Mambo yakiharibika, unahama vipi na kwa hasara gani? Mwaka 1955 mwanasosholojia wa Norway, Sverre Lysgaard, alieleza alichokiona kwa Wanorwe 200 waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright: waliokaa kati ya miezi 6 na 18 walikuwa wamezoea mazingira kwa shida zaidi kuliko waliokaa chini ya miezi 6 au zaidi ya 18. Sioni sababu ya kuifanya sheria ya kila mgeni, lakini onyo lake ni la maana. Uzito unaweza kuja baada ya ule ugeni mtamu kuisha, wakati huo mkataba wako uko katikati. Soma kifungu cha kuvunja mkataba kabla ya kusoma kifungu cha kodi.

Hosteli ya chuo

*Gharama.* Mara nyingi kodi yake imejumlisha umeme, maji na intaneti, na chumba kina kitanda, meza na kabati. Mkataba hufuata mwaka wa masomo, kwa hiyo hulipii miezi ya likizo ndefu. Angalia jambo moja: vyuo vingine vinakufungia humo na malipo ya lazima ya chakula cha bwaloni. Kama unajipikia au una masharti ya chakula, hiyo ni pesa ya kila mwezi kwa kitu usichokitumia.

*Utulivu.* Watu husema hosteli ina kelele, na ni kweli, ila kelele zake zina ratiba. Usiku wa kabla ya mitihani huwa kimya kwa sababu kila mtu anasoma. Usiku mgumu ni ule ambao kitivo kimoja kimemaliza mitihani na wewe bado una miwili. Maktaba ikiwa karibu na inafungwa usiku sana, tatizo hili linapungua nusu.

Kama chumba ni cha watu wawili, mwenzako ana nguvu juu yako kuliko unavyodhani. Mwaka 2001 mchumi Bruce Sacerdote alichapisha uchunguzi kuhusu Dartmouth, chuo kilichoko Hanover, mji mdogo wa jimbo la New Hampshire. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza pale walipangiwa wenzao wa chumba kwa bahati nasibu, na akakuta alama za mmoja zinaathiriwa na za mwenzake, vilevile uamuzi wa kujiunga na vikundi vya kijamii. Uchaguzi wa fani ya kusomea haukuguswa. Chuo chako kikikupa fomu ya kuuliza unalala saa ngapi na unapenda chumba kiwe kimya kiasi gani, ijaze kwa ukweli. Wengi hujaza mtu wanayetamani kuwa, anayelala saa tatu na kuamka alfajiri, kisha wanapangiwa mtu wa aina hiyo na wote wawili wanateseka.

*Watu.* Hakuna njia inayoishinda hosteli kwa wiki sita za mwanzo. Utakutana na watu ukienda kuchota maji ya kunywa, ukifua, ukitafuta aliko fundi wa kitasa. Upungufu wake ni kwamba wote ni rika lako na wote ni wageni kama wewe. Mtu anaweza kumaliza mwaka mzima hosteli asijue jina la mwenyeji hata mmoja.

*Likizo.* Hapa ndipo hosteli inapodhihirisha udhaifu. Nyingine hufungwa kabisa, nyingine hutaka chumba kiachwe kitupu kwa sababu kitapangishwa kwa wageni wa mikutano. Kwa anayetoka mbali, hilo ni tatizo la kweli. Uliza kwa maandishi kabla ya kulipa: je, naruhusiwa kulala humu likizo fupi, kwa malipo gani, jiko linabaki wazi, na kuna stoo ya mizigo?

*Kutoka.* Kuhama chumba kwenda kingine ndani ya hosteli kwa kawaida kunawezekana, na kuna ofisi ya kulalamikia. Kutoka kabisa kunategemea kanuni za chuo. Pia hakikisha una uhuru wa kuchagua tangu mwanzo. Vyuo vingi vya Marekani huwataka wa mwaka wa kwanza wakae kampasi. Oxford huwataka wanafunzi wa shahada ya kwanza wakae ndani ya maili 6 kutoka Carfax, katikati ya mji. Cambridge ni maili 3 kutoka kanisa la Great St Mary's. Kanuni kama hizi hutazamwa kwanza, la sivyo unaweza kulipa amana ya chumba usichoruhusiwa kukaa.

Hosteli inamfaa anayefika peke yake kutoka mbali, ambaye hajawahi kujitegemea, au ambaye hakuweza kuja kuuona mji kabla. Haimfai sana mwenye usingizi mwepesi, mwenye mtoto au mwenzi, au anayefanya kazi za usiku.

Chumba cha kupanga peke yako

*Gharama.* Kwa kawaida ndiyo njia ghali kuliko zote, kwa sababu hakuna wa kugawana naye intaneti, umeme wala sufuria. Mkataba wa miezi 12 ni wa kawaida. Kuna na amana, na fedha za samani kama chumba ni kitupu. Kadiri unavyokwenda mbali na chuo kodi inashuka, lakini katika mji mdogo basi la mwisho linaweza kuwa la jioni mapema, na baada ya hapo ni miguu yako. Kabla ya kusaini, tembea njia hiyo usiku, ukibeba begi lenye vitabu. Kama huwezi kwenda mwenyewe, mwombe mtu aliyeko pale aitembee na akwambie ina taa au haina.

*Utulivu.* Hapa inashinda, kwa sharti kwamba umekikagua chumba chenyewe. Simama kimya dakika tano ukisikiliza ukuta. Fungua bomba la maji moto uone yanachukua muda gani kufika. Tazama pembe za dari na nyuma ya kabati kama kuna alama za unyevu au rangi mpya iliyopakwa kipande kimoja tu. Pima kama meza inaingia dirishani penye mwanga. Na simu yako inashika mtandao ukiwa umefunga mlango?

*Watu.* Hapa panahitaji ukweli. Chumba cha peke yako hakikuleti mtu yeyote. Jijini upweke huo unapozwa na wingi wa watu barabarani, lakini mji mdogo unaolala mapema haukupi nafasi hiyo. Ukichagua njia hii, uwe na mahali pawili pa kwenda kila wiki kwa saa maalumu, penye watu walewale: kwaya, timu ya mpira, kikundi cha kusoma, nyumba ya ibada, kazi ya kujitolea. Sharti ni watu walewale, saa ileile. Kuhudhuria hafla moja moja hakutoshi, kwa sababu hakuna anayekukumbuka. Faida yake ni kwamba majirani zako huwa wenyeji, na baada ya miezi michache ya salamu mlangoni unakuwa na mtu wa kumwachia ufunguo.

*Likizo.* Unakaa utakavyo, vitu vyako haviguswi. Ukisafiri, umeshalipia chumba kitupu.

*Kutoka.* Ni pagumu. Mkataba wa mwaka ni mkataba wa mwaka, na kumtafuta mpangaji wa kuchukua nafasi yako katikati ya muhula, katika mji ambao kila mwanafunzi ameshapata pa kulala, ni kazi ya jasho. Omba kifungu kinachokuruhusu kumpata mtu wa kuchukua nafasi yako kwa ridhaa ya mwenye nyumba. Wengine hukubali, hasa ukiomba kabla ya kusaini.

Chumba hiki kinamfaa mwanafunzi wa shahada ya uzamili au uzamivu, mwenye familia, mwenye kipato cha uhakika, au mtu anayejifahamu kuwa hupata nguvu akiwa peke yake. Kwa kijana wa mwaka wa kwanza anayeshikwa na huzuni upesi, mimi ningesita.

Nyumba ya pamoja na wanafunzi wenzako

*Gharama.* Kwa kichwa, mara nyingi ndiyo nafuu kuliko zote. Unafuu huo, hata hivyo, una sharti lililojificha kwenye mkataba, na nitalieleza kwa urefu kwa sababu limewaumiza wengi. Kuna mikataba ya namna mbili. Wa kwanza, kila mpangaji anasaini kwa ajili ya chumba chake. Wa pili, nyote mnasaini karatasi moja kwa nyumba nzima, na kila mmoja anawajibika kwa kodi yote. Katika huu wa pili, mwenzenu mmoja akiacha chuo mwezi wa tatu na kutoweka, mwenye nyumba ana haki ya kuwadai mliobaki fungu lake, na anaweza kumdai yeyote kati yenu peke yake. Vivyo hivyo dirisha likivunjwa na mgeni wa mmoja wenu, amana ya wote inakatwa. Kama mnapewa huo wa pili, andikishaneni ninyi kwa ninyi: nani analipa nini, siku gani, na anayeondoka ana wajibu gani wa kutafuta mbadala. Karatasi ya ukurasa mmoja yenye saini zenu inatosha kuwakumbusha mlichokubaliana, na ni rahisi kuiandika mkiwa bado mnapendana.

Jambo jingine ni sheria za mji wenyewe kuhusu idadi ya watu. Miji ya vyuo imekuwa na mvutano wa muda mrefu baina ya wenyeji na nyumba za wanafunzi. Kijiji cha Belle Terre, jimbo la New York, kiliwahi kupiga marufuku nyumba moja kukaliwa na watu zaidi ya wawili wasio na undugu. Wanafunzi sita wa chuo cha Stony Brook walikuwa wamepanga pamoja humo, shauri likafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1974 kijiji kikashinda. Sheria za namna hiyo zinatofautiana mahali na mahali, lakini swali la kumuuliza mwenye nyumba ni lilelile: nyumba hii inaruhusiwa wapangaji wangapi, na una kibali? Akijibu kwamba "tutasema ninyi ni ndugu", tafuta nyumba nyingine.

*Utulivu.* Unategemea watu zaidi kuliko kuta. Vita vya nyumba za wanafunzi huanzia kwenye beseni la vyombo. Mmoja anaacha sufuria iloweke, wa pili anaweka sahani yake juu ya sufuria, wa tatu anakosa kijiko kisafi na anakula kwa kifuniko, na Ijumaa hakuna anayezungumza. Zamu zilizoandikwa na kubandikwa ukutani wiki ya kwanza huzuia mengi, hata kama zinaonekana za kitoto.

*Watu.* Ikifanikiwa, huu ndio undugu unaodumu baada ya chuo. Coimbra, mji wa Ureno ambao ni makao ya kudumu ya chuo kikuu chake tangu 1537, una nyumba zinazoitwa repúblicas, ambazo wanafunzi huziendesha wenyewe kwa pamoja, wakigawana gharama na kazi, na kizazi kimoja kikiondoka kingine kinapokea. Nyumba iliyopangwa vizuri inaweza kukulea namna hiyo. Lakini kundi la watu wanne linaweza pia kuwafungia humo humo. Mkishakuwa mnapika pamoja na kutazama filamu pamoja, hamuoni sababu ya kutoka, na mtu wa tano hapati nafasi.

*Likizo.* Wenzako wataondoka. Nyumba ya vyumba vitano yenye mtu mmoja, katika mtaa uliohamwa, ni baridi kwa maana zote mbili, na wezi nao wanaijua kalenda ya chuo. Kubalianeni nani anabaki lini, nani anafunga maji na umeme, na ufunguo wa akiba unakaa kwa nani.

*Kutoka.* Angalia tena aina ya mkataba. Na ujue msimu. Katika miji midogo mingi nyumba za mwaka wa pili huanza kusainiwa wakati mwaka wa kwanza haujafika hata nusu. Mwaka 2022 wanafunzi wa Durham, mji mdogo kaskazini mwa Uingereza, walipiga foleni usiku kucha nje ya ofisi za mawakala wa nyumba ili wasikose makazi ya mwaka unaofuata. Hofu ya namna hiyo ndiyo inayomfanya mtu asaini na watu aliowafahamu kwa wiki tano. Kama lazima usaini mapema, afadhali wawili unaowajua wanavyolipa madeni kuliko watano unaojua wanavyocheka.

Nyumba ya pamoja inamfaa anayewajua wenzake kwa angalau muhula mmoja, mwenye bajeti ndogo na uvumilivu wa mazungumzo magumu. Haimfai anayekaa kimya akikerwa.

Familia ya wenyeji

*Gharama.* Iko katikati, na inatabirika: chumba, bili, mara nyingi na mlo. Samani zipo. Mikataba yake huwa mifupi au ya maneno matupu, na hapo ndipo penye tatizo. Andikeni hata kwa mkono: kiasi, kinachojumuishwa, siku ya kulipa, kufua, kupokea wageni, saa ya kurudi usiku. Na kama kodi imepunguzwa kwa makubaliano kwamba utasaidia watoto na masomo au kufanya kazi za nyumbani, andikeni na saa kwa wiki. Bila hivyo "kusaidia kidogo" huongezeka mwezi hadi mwezi, na utaona haya kusema.

*Utulivu.* Kama kuna watoto wadogo, jioni ni za kwao. Kama ni mzee anayeishi peke yake, utapata kimya kingi, pengine na mazungumzo marefu usiku ambao una kazi ya kukabidhi. Waeleze mapema ratiba yako ya mitihani. Familia nyingi zitakuheshimu, ila haziwezi kukisia.

*Watu.* Njia hii peke yake inakuingiza moja kwa moja katika mji wa wenyeji. Kwa wiki chache utajua daktari gani huchukua wagonjwa wapya, basi lipi haliaminiki, fundi gani wa baiskeli ni mwaminifu, na nani anatafuta kijana wa kazi za Jumamosi. Kazi za muda katika mji mdogo ni chache na wanafunzi ni wengi. Nyingi hupatikana kwa mdomo, na mdomo huo uko mezani kwa mwenyeji wako. Kama lugha ya hapo ni ngeni kwako, faida inazidi, kwa sababu utaizungumza kila asubuhi kabla hujaiogopa. Marafiki wa rika lako hawatakuja wenyewe lakini. Utawafuata chuoni, na utakosa yale mazungumzo ya korido yanayoanza saa nne usiku.

*Likizo.* Ndipo inapong'aa. Nyumba ina watu, jiko lina moto, na ukiugua kuna anayejua kwamba hujatoka chumbani. Uliza tu kama nao wanasafiri, na kama wanakuruhusu kubaki peke yako.

*Kutoka.* Kwa mkataba ni rahisi. Kwa moyo ni vigumu. Kuhama kunaweza kuonekana kama kuwakataa, na katika mji mdogo mtaendelea kukutana. Kama chuo kina ofisi inayounganisha wanafunzi na familia, pitia kwao hata kama umeipata familia mwenyewe, ili kuwe na mtu wa tatu wa kuzungumza naye mambo yakichacha.

Inamfaa mgeni wa lugha, mwenye umri mdogo, anayetaka kubaki mjini likizo zote, na anayeweza kuishi kwa taratibu za watu wengine. Haimfai aliyetoka tu kwenye malezi ya kubanwa na anayehitaji kupumua.

Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Kama unatoka nchi nyingine na hutarudi nyumbani hadi mwisho wa mwaka, anza na likizo. Hosteli inayobaki wazi mwaka mzima au familia ya wenyeji zinakuja mbele, na kodi iwe swali la pili.

Kama kwenu ni karibu na utakuwa ukirudi kila mwisho wa wiki, hosteli ya miezi 9 inakuokolea pesa. Jilazimishe tu kubaki mjini wiki tatu za mwanzo bila kurudi, kwa sababu makundi ya marafiki hujiunda siku hizo za Jumamosi na Jumapili.

Kama bajeti ndiyo inayoamua, nyumba ya pamoja yenye mkataba wa kila mtu na chumba chake ni salama kuliko yenye mkataba mmoja wa wote, hata ikiwa kodi iko juu kidogo.

Kama una mtoto au mwenzi, waulize chuo kama kina nyumba za familia kabla ya kuingia sokoni. Huwa chache, na orodha ya kusubiri hufunguliwa mapema.

Kama una ulemavu au maradhi yanayohitaji huduma ya karibu, ukaribu na kampasi na zahanati unatangulia vigezo vyote vitano. Omba chumba mahususi kwa barua ya daktari mara tu ukipata udahili, usingoje kufika.

Kama unavutwa na njia mbili kwa nguvu sawa, chukua yenye mkataba mfupi zaidi. Muhula mmoja hosteli au kwa familia unakupa nafasi ya kuona mitaa kwa macho yako na kujua nani angefaa kuwa mwenzako wa nyumba. Ila weka kwenye simu tarehe ambayo nyumba za mwaka ujao huanza kupangishwa. Waulize wanafunzi wa mwaka wa pili, wao wanaijua.

Na kama muhula umebaki wiki moja na huna chochote, usitume amana kwa chumba ulichokiona kwenye picha tu, hata mwenye nyumba akikuambia kuna watu kumi wanakisubiri. Omba chuo kikupe malazi ya muda, au lipia mahali pa kulala wiki mbili, ufike, uzunguke kwa miguu. Kila mwanzo wa muhula kuna waliodahiliwa na hawakutokea, kwa hiyo nenda ofisi ya makazi asubuhi ya kila siku katika wiki hizo mbili, ujiandikishe upya, na waachie namba ya simu inayopokelewa. Siku utakapopata chumba, piga picha kuta, sakafu na mita ya umeme kabla hujaingiza sanduku, na umtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo.